Watarajali wapya wanaanza mwezi ujao: tuwasimamieje usiku, hapa Tanga?

Mratibu_Raskazone

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mlionitangulia.

Mwezi ujao hospitali yetu hapa Tanga mjini inapokea kundi jipya la madaktari watarajali, yaani waliotoka chuo na wanafanya mazoezi ya kazi chini ya usimamizi. Kwa miezi 12 watazunguka magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji, uzazi na idara nyingine ndogo. Mabingwa ni wachache, wodi ya wazazi haipoi, na rufaa za kutoka Pangani, Mkinga na Muheza mara nyingi zinafika watu wameshalala. Vipindi vya darasani vipo na vinahudhuriwa vizuri, hapo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni usiku: mtarajali yuko wodini na muuguzi mmoja au wawili, na mgonjwa anabadilika.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, zamu zikabidhiwe vipi ili mgonjwa mahututi asipotee kati ya faili 40. Pili, mtarajali apige simu lini bila kujiuliza mara mbili. Tatu, tufundishe vipi ndani ya raundi bila raundi kwenda mpaka saa 8 mchana. Tafadhali nipeni vipimo na utaratibu wenyewe. "Wasimamieni kwa karibu" tumeshaisikia sana.

Dokta_Watoto

Mkuu, anza na simu, maana hapo ndipo watu wanapofia. Mtarajali anafanya kazi kwa usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa hiyo yuko chini ya msimamizi saa zote, usiku na mchana. Ukimwambia "nipigie ukiona hali mbaya" unamtwisha kazi ambayo ndiyo hasa hajaimudu, yaani kuitambua hali mbaya mapema. Mpe namba. Zibandikwe kwenye meza ya wauguzi na zichapwe kwenye kadi anayotembea nayo mfukoni. Ikifikiwa namba, simu inapigwa hata kama yeye anaona mgonjwa yuko sawa.

Kwa mtu mzima: namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, pumzi chini ya 10 au zaidi ya 30 kwa dakika, oksijeni kwenye damu chini ya asilimia 90 ilhali ameshawekewa mashine, mkojo chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa, yaani mtu wa kilo 60 anayetoa chini ya mililita 30, fahamu kushuka kuliko alivyopokelewa. Kwa mjamzito ongeza presha ya 160 kwa 110 na kuendelea. Kwa mtoto: degedege lililozidi dakika 5 au lililorudi mara ya pili, asiyeweza kunyonya wala kunywa, himoglobini chini ya 4, au chini ya 6 akiwa anahema kwa shida, sukari chini ya 3. Halafu kuna mambo ya kupigiwa simu hata namba zote zikiwa nzuri: uamuzi wowote wa kwenda thieta, rufaa yoyote inayoingia au kutoka, na sista wa zamu akisema "Dokta, huyu mgonjwa simwelewi." Hilo la mwisho lipeni uzito uleule wa presha ya 80. Sista aliyekaa wodi ile miaka mingi anaona mabadiliko kabla mashine haijayaona, na awe na ruhusa ya kumpigia bingwa yeye mwenyewe.

Wekeni ngazi. Wa kwanza asipopokea ndani ya dakika 10 anapigiwa wa pili, zikipita 10 nyingine anapigiwa mganga mfawidhi. Kwa mama anayevuja damu au mtoto asiyepumua, dakika 10 ni nyingi mno: wa kwanza na wa pili wapigiwe papo hapo, na apige mtu mwingine ili mikono ya mtarajali ibaki kwa mgonjwa. Majina yaandikwe upya ubaoni kila alasiri. Utaratibu huu huvunjika pale watu wanapobadilishana zamu kwa maneno tu, ubao ukabaki na jina la mtu aliye safarini Korogwe.

Mfundisheni pia namna ya kuongea kwenye simu. Ombi litangulie: "Dokta, nahitaji uje wodini sasa. Mtoto wa miaka 2, kilo 12, malaria kali, degedege la pili tangu saa 7, sukari 2.1, nimeshampa glukosi." Ukimwachia aanze na historia tangu homa ilipoanza juzi, aliyeamshwa usingizini atafika katikati akiwa hajui anaombwa nini, na atajibu "endelea na matibabu."

Makabidhiano. Saa 1:30 asubuhi na saa 9:30 alasiri, watu wakiwa wamesimama wodini, si ofisini. Msiende kitanda kwa kitanda kwa wote 40. Anayetoka awapange kwanza kwa makundi: mahututi, wa kuangaliwa, walio imara. Mahututi wanakabidhiwa mbele ya kitanda, wa kuangaliwa kwa karatasi, walio imara kwa orodha ya majina tu. Kwa kila mahututi yasemwe mambo matano: hali yake sasa, kisa chake kwa sentensi mbili, kazi iliyobaki na saa yake, "ikitokea hivi fanya hivi", halafu anayepokea arudie kwa kinywa chake alichosikia. Mtindo huu ulipimwa kwa madaktari wa mafunzo kwenye hospitali 9 za watoto za Marekani na Kanada, matokeo yakatolewa 2014: makosa ya kitabibu yalishuka kwa asilimia 23, na muda wa makabidhiano haukuongezeka.

Sehemu inayorukwa kila mahali ni ile ya nne. "Mfuatilie himoglobini" haimsaidii mtu saa 9 usiku. "Majibu yatatoka saa 4. Ikiwa chini ya 4 mwekee damu iliyochujwa (chembe nyekundu pekee) mililita 10 kwa kilo, ambayo kwake ni 120, ndani ya saa 3 hadi 4. Damu ya kundi lake imeshaombwa. Asipopata mpaka saa 6 nipigie." Hayo ndiyo makabidhiano. Na "saa 4" iandikwe kwenye karatasi kwamba ni ya usiku.

Kuhusu kufundisha kwenye raundi, chagueni wagonjwa wawili tu wa kufundishia, wengine mpite kwa mwendo wa kazi. Kuna njia ya dakika 1 yenye hatua 5, iliyoandikwa mwaka 1992 na madaktari wa familia wa Marekani, na inafaa kabisa wodi zilizojaa. Mwache mtarajali aseme kwanza anafikiri ni nini. Muulize ameona nini kilichompeleka huko. Mpe kanuni moja tu. Mwambie alichofanya sawa, kwa jina lake. Mwambie cha kurekebisha.

Mfano ni huyohuyo mtoto wa kilo 12. Anasema malaria kali. Unauliza ushahidi: kipimo cha damu, degedege, fahamu. Vizuri. Je, sukari ilipimwa kabla ya dawa ya degedege au baada? Kanuni ya leo: mtoto mwenye degedege sukari inapimwa kabla hujatoka kitandani. Kisha mwache apige hesabu mbele yako. Chini ya kilo 20 artesuneti, sindano ya malaria kali, ni miligramu 3 kwa kilo, hivyo 36. Kichupa cha miligramu 60 kinayeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti yake, kinasubiriwa kiwe angavu kabisa kama maji, kisha, kwa sindano ya mshipani, kinaongezwa mililita 5 za salini: kila mililita ina 10, kwa hiyo anavuta 3.6. Glukosi ya asilimia 10 ni mililita 5 kwa kilo, yaani 60. Kama famasi ina ile ya asilimia 50 pekee, achukue mililita 12 na maji ya sindano 48.

Makosa yanayoonekana sana hapo: kutumia miligramu 2.4 kwa kilo ya watu wazima kwa mtoto mdogo. Kutumia kichupa kilichoyeyushwa zaidi ya saa 1 iliyopita. Na kusimamisha sindano baada ya saa 24 bila kumpa dozi kamili ya dawa mseto ya siku 3. Mwambieni pia apange tarehe ya mtoto kurudi kupimwa damu kuanzia wiki ya pili, kwa sababu baadhi yao damu hushuka baadaye baada ya artesuneti.

Na jambo la huku kwetu pwani: mzazi akisema walianzia kwa mganga kwa ajili ya degedege, asikaripiwe. Aulizwe kwa upole mtoto alinyweshwa nini, kiasi gani, saa ngapi. Akikaripiwa mara moja hatasema tena, na wewe utakuwa unatibu nusu ya habari.

Mkunga_Chumbageni

Nakubaliana na Dokta kwa yote ila moja: kwa leba, kadi ya namba haitoshi. Damu ya mama haisubiri mtu asome kadi. Leba inahitaji mazoezi ya mikono, mafupi na ya mara kwa mara.

Hospitali ya Haydom kule Manyara walionyesha jambo hili vizuri. Mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliwafanya watu wafaulu kwenye mdoli, lakini leba kazi haikubadilika. Walipoanza mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki palepale leba, vifo vya watoto vya saa 24 za kwanza vikapungua. Kwa hiyo wekeni mdoli na ambubegi, lile begi la kusukuma hewa, juu ya meza ya leba, visifungiwe stoo. Mtarajali akiingia zamu, kabla ya chai, afanye mara moja mbele ya mkunga: kukausha, kusisimua, kuweka shingo sawa, barakoa kufunika pua na mdomo bila kuvuja, pumzi 40 kwa dakika, kifua kikionekana kupanda. Hewa ya kwanza iwe imeingia kabla dakika 1 haijaisha. Wanakosea sana kwenye shingo: wanaikunja nyuma mno, kifua hakipandi, halafu wanakamua begi kwa nguvu zaidi badala ya kurekebisha kichwa.

Kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, kila mama awekewe ile shuka ya plastiki yenye vipimo. Kukadiria kwa macho kunadanganya, hasa damu ikiingia kwenye kanga na godoro. Ikifika mililita 500, mambo yote yanakwenda kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kugandisha damu gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, dripu, kukagua njia ya uzazi na kondo, na kuita msaada. Utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, uliotoka 2023, ulionyesha kwamba kupima kwa shuka na kutoa huduma hizi kwa pamoja kulipunguza madhara makubwa ya damu kwa asilimia 60. Watarajali wamezoea kujaribu moja, kusubiri, kisha kujaribu lingine. Huo mtindo wavunjieni siku ya kwanza. Traneksamiki haina kazi ikipita saa 3 tangu kujifungua, na kila robo saa inayopotea inapunguza faida yake.

Oksitosini ikaguliwe ilikotunzwa: nyuzi 2 hadi 8. Joto la Tanga mnalijua. Chupa iliyokaa kwenye trei mchana kutwa huenda haina nguvu, na mtarajali atadhani mji wa mimba umegoma.

Sasa magnesiamu ya kifafa cha mimba, maana hapa ndipo mikono hutetemeka. Mtarajali aichanganye mwenyewe kwa maji matupu angalau mara moja kabla hajakutana na mgonjwa. Dozi ya kuanzia ni gramu 14. Gramu 4 za mshipani: mililita 8 za dawa ya asilimia 50 na mililita 12 za maji ya sindano, zinakuwa 20, zinaingia polepole kuanzia dakika 5 hadi 20. Gramu 10 za msuli: mililita 10 kila tako, kila bomba likiwa na mililita 1 ya lidokaini ya asilimia 2. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4, tako kwa zamu, mpaka saa 24 zitimie tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililo la baadaye. Degedege likirudi baada ya dakika 15, gramu 2 za mshipani: mililita 4 na maji 6.

Asome kichupa kila mara. Vipo vya mililita 10 vyenye gramu 5 na vipo vya mililita 2 vyenye gramu 1, na famasi inaweza kubadilisha bila kumwambia mtu. Kabla ya kila dozi ya saa 4: pumzi 16 au zaidi, goti liruke likigongwa, mkojo usiopungua mililita 100 kwa saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana dozi inasubiri na simu inapigwa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, kiuasumu cha magnesiamu, ikae kwenye trei hiyohiyo. Kuna wodi unaikuta kwenye kabati lililofungwa na ufunguo uko nyumbani kwa mtu.

Kisu_na_Uzi

Fupi kutoka upasuaji. Kitabu cha kumbukumbu za kazi kisisainiwe mwisho wa mzunguko kwa mkupuo. Sahihi iwekwe siku ileile, na aliyetazama, kwa kazi iliyotazamwa tangu kuvaa glovu hadi kuandika faili. Wekeni ngazi nne kwa kila kazi: anatazama, anasaidia, anafanya ukiwa umevaa glovu pembeni yake, anafanya ukiwa jengoni. Ubaoni pawe na jedwali: majina upande mmoja, kazi upande mwingine (bomba la kifua, maji ya uti wa mgongo, kutoa kondo kwa mkono, kushona mchaniko, upasuaji wa kujifungua), na ngazi ya kila mtu. Sista wa usiku akiangalia ubao anajua huyu kijana bomba la kifua yuko ngazi ya pili, kwa hiyo lazima aitwe mtu.

Msihesabu idadi peke yake. Aliyeshona mara 20 vibaya bila kutazamwa ameukomaza ubovu.

Mratibu_Raskazone

Mungu awabariki, hii naichapa. Swali la nyongeza. Kadi na ngazi za simu tunaweza kuziweka, ila najua kuna watarajali hawatapiga. Wanaogopa kuonekana hawajui, au walishawahi kujibiwa kwa ukali wakiwa wanafunzi. Hilo mnalifanyaje? Na je, mtu akijichoma sindano usiku?

Dokta_Watoto

Woga unaondolewa na aliye juu, kwa sababu aliye chini hana uwezo wa kuuondoa. Mabingwa wakubaliane kabla watarajali hawajafika kwamba neno la kwanza kwenye simu ya usiku ni "Asante kwa kunipigia." Hata kama swali ni dogo. Kama kuna la kurekebisha litasubiri asubuhi, faraghani, kamwe si kwenye spika ya simu mbele ya mgonjwa na ndugu zake.

Kisha badilisheni swali la asubuhi. Kwenye ripoti ya saa 1:30, msimamizi asiulize "kwa nini ulinipigia." Aulize "nani jana usiku alifikia namba ya kadi, na simu ilipigwa saa ngapi." Chukueni faili tatu kila wiki, mlinganishe saa namba ilipovukwa na saa simu ilipopigwa. Pengo likizidi nusu saa, tafuteni sababu: vocha haikuwepo, ubao ulikuwa na jina la zamani, kipimo cha presha kilikuwa kimeharibika, au kweli aliogopa. Nawaomba wodi iwe na simu yake yenye salio. Kijana asitumie vocha yake kuokoa mgonjwa wa serikali.

Na wiki mbili za kwanza za kila mzunguko, asiwe peke yake usiku. Mpangeni na mtarajali anayemaliza mzunguko huo. Watu hupanga mwingiliano huo kundi jipya linapoanza tu na kusahau kwamba kila miezi michache mtu yuleyule anakuwa mgeni tena kwenye wodi nyingine.

Sista_Kinga

Kuhusu sindano. Paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Pasikamuliwe, pasimiminiwe spiriti wala jiki. Damu ikiruka machoni, maji safi au salini mfululizo kwa dakika kadhaa. Amwachie mwenzake mgonjwa, atoke. Anapimwa VVU yeye, na mgonjwa anapimwa kwa ridhaa yake. Dawa za kinga zianze mapema kadiri inavyowezekana, vizuri zaidi ndani ya saa 2, na mwisho ni saa 72. Zinaendelea siku 28. Dozi ya kwanza isisubiri majibu ya mgonjwa: anaanza, na majibu yakionyesha hakuna haja anaacha.

Kinachokwamisha usiku ni kwamba dawa ziko CTC, kliniki ya huduma za VVU, na CTC imefungwa. Wekeni pakiti za kuanzia za siku 3 mahali panapofunguka saa 24, mapokezi ya dharura au leba, na fomu yake ndani ya bahasha hiyohiyo. Fomu isipite kwa mtu zaidi ya mmoja. Wakijua habari itazunguka wodini, hawaripoti.

Homa ya ini B ishughulikiwe siku ya kuripoti kazini: chanjo sasa, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6. Mkisubiri mpaka mzunguko wa upasuaji uanze mmechelewa. Nao kwenye utambulisho waonyeshwe kwa macho boksi la sindano liko wapi kila wodi, na kwamba likifika robo tatu linafungwa. Majeraha mengi yanatokana na kulisukumiza bomba kwenye boksi lililojaa na kurudisha kifuniko kwenye sindano kwa mikono miwili.

Jambo moja la kuongeza, Mratibu, ukiweza. Aliyemaliza zamu ya usiku asipangiwe kliniki ya mchana siku hiyo, na apewe chumba chenye kitanda, chandarua na mlango unaofungwa, wavulana mbali na wasichana. Panga hilo na mganga mfawidhi kabla ratiba haijabandikwa, maana ikishabandikwa kila pengo lina mtu anayelitaka.